Tulizoea Zamu ya Mwisho

Vumbi la Sahara limefika tena. Limevuka bahari nzima bila nauli, limetua hapa Speightstown, Barbados, limekaa juu ya madirisha, juu ya mashati meupe ya shule niliyoyatundika mlangoni. Nayakung'uta moja moja. Nimechoka, Ianthe. Nimechoka mpaka kwenye kope.

Agosti ni mwezi wetu, ulikuwa ukisema. Mwezi wa sare, mwezi wa watoto waliorefuka ghafla, mwezi wa kula mkate wa nazi huku mguu uko kwenye pedali. Cherehani yako bado iko mkabala na yangu. Nimeifunika shuka. Sijaiuza, na usiniulize kwa nini.

Miaka thelathini na moja tulishona chumba kimoja, kila mtu na wateja wake, kila mtu bosi wa nafsi yake. Michango ya pensheni tulienda kuilipa pamoja, maana aliyejiajiri hakatwi na mtu, anajikata mwenyewe. Wewe ulinung'unika foleni nzima. Mimi nilicheka.

Na kwenye upatu wa Bi Undine tulikuwa wale wale: wapeni wengine kwanza. Wenye haraka wachukue, waezeke paa, walipe ada. Sisi tuwekeeni zamu ya mwisho. Tulijivunia kungoja kama fundi anavyojivunia pindo lililonyooka.

Ndiyo maana umri wa pensheni ulipofika hatukushtuka. Ukiichukua mapema ni ndogo, ukingoja inanenepa. "Ngoja kidogo," ukasema. "Sabini ni hapo tu, na mikono bado ipo." Ngoja kidogo, nami nikasema. Hapakuwa na bosi wa kutuambia imetosha, wala keki ya kutuaga. Tukaendelea kushona.

Ukafa Machi, miezi saba kabla ya sabini yako.

Wiki iliyopita Bi Undine alikuja na kitambaa cha sketi ya mjukuu wake.

"Zamu ya Ianthe nimempa binti yake," akasema. "Yote. Hata senti sijala, Mungu shahidi."

"Na ile ya serikali?"

"We Coralie! Ile nayo ni upatu? Binti mtu mzima, ana kazi yake, apewe nini? Ile unakula mwenyewe, ukiwa na meno."

"Mimi nangoja sabini."

"Haya, ngoja. Nami nitakuja kukuzika na kofia yangu ya zambarau."

Nilicheka. Alipoondoka nikakaa chini. Kumbe miaka yote hiyo tulidhani kuna mtu ametuwekea bahasha, na majina yetu juu yake. Hapakuwa na bahasha. Nikakukasirikia, Ianthe, nikajikasirikia na mimi, kisha nikarudi kwenye vifungo.

Lakini nisikudanganye, naogopa. Nikianza sasa, nitapokea kile kidogo mpaka mwisho wangu. Mama alifika miaka tisini na mbili. Nikifika huko, macho yakiukataa uzi, kidogo hicho ndicho kitakachonilisha, na sina mtoto wa kumgongea mlango.

Leo asubuhi nimefunga duka, mashati yenyewe hayajaisha. Kwenye ofisi ya pensheni msichana mwenye kucha ndefu akanisogezea fomu.

"Bado unafanya kazi, mama?"

"Nashona. Na nitaendelea kushona."

"Haina shida. Unataka ianze lini?"

Kalamu ikagoma. Ngoja kidogo, nikasikia, mwaka mmoja tu, ngoja kidogo. Nilidhani ni wewe. Nilipotega sikio nikagundua sauti ni yangu. Nina miaka sitini na minane, magoti yanalia ngazini, na sijui nimebakiza Agosti ngapi. Nikaandika: mwezi huu.

Nikarudi kwa kupitia kwa Bi Undine. Alikuwa kibarazani, daftari mapajani, anapanga upatu mpya.

"Niweke wa kwanza," nikamwambia.

"Nani? Wewe?"

"Mimi."

Akanitazama usoni, akashika kalamu. Akaandika jina langu juu kabisa. Nikainama nilitazame, na machozi yakanitoka hapo hapo mbele yake. Kila mwaka tuliandikwa mkiani, jina langu na chini yake lako. Sasa chini ya jina langu palikuwa na mtu nisiyemjua.