Uso wa Mke wa Kidomo

Kidomo, kama watu walivyombatiza, alichekesha watu jukwaani tangu ujana wake mpaka alipougua koo. Daktari akakata, akashona, na sauti ikaenda zake. Jamani, mchekeshaji asiye na sauti ana kazi gani duniani? Alishinda sebuleni miezi na miezi, kanuna, hataki hata kusikia redio.

Binti yake ndiye aliyemletea penseli na karatasi, ili baba aandike anachotaka badala ya kugonga gonga meza. Mzee hakuandika. Alichora kikombe. Kesho yake akachora kiatu. Basi mkono ukanogewa, na uzeeni pale akawa mtu mwenye shughuli zake tena.

Wakati huo mkewe alikuwa kitandani chumba cha ndani, anakwisha. Baba na binti walijua, wakakubaliana mama asiambiwe. "Unaendelea vizuri, mama," binti alisema kila asubuhi, na kioo cha ukutani alishakihamisha.

"Nichore na mimi basi," mke alisema. "Kila siku viatu, viatu! Mimi sina hata hadhi ya kiatu?"

Kidomo akachora. Lakini maskini, alikuwa mtu wa jukwaa. Maisha yake yote alijipaka uso ili aonekane na aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Nyusi akazipandisha, mashavu akayavimbisha, mdomo akaupanua. Mke akacheka mpaka akakohoa, kisha akaiweka karatasi kando.

"Huyu ni wa kuchekwa," alisema. "Siku nikiondoka, wajukuu waonyeshwe kikaragosi? Nitazame, mume wangu. Humu ndani hakuna mtu wa kiti cha nyuma."

Maneno yalimchoma. Akavuta kiti mpaka magoti yakagusa godoro. Akachora, akafuta, akachana, akaanza upya, siku baada ya siku, mpaka mkono ukaacha uongo wake. Akachora alichokiona: shingo, mifupa ya mashavu, ngozi iliyolegea chini ya macho. Akapata! Furaha ikampanda kichwani, akasahau kila kitu, akamgeuzia karatasi huku anatabasamu kama mtoto.

Mke aliishika kwa muda mrefu. Akajipapasa shavu, akaitazama tena.

"Kumbe nimefika huku," alisema taratibu.

Ndipo Kidomo alipojua alichofanya. Akafungua mdomo. Zamani angerusha utani, watu wakavunjika mbavu. Sasa ilitoka pumzi tu. Akajaribu kutikisa kichwa, lakini machozi yalishamwumbua.

"Umejua kuchora," mke alisema, akamshika mkono. Kisha akamwita binti yao. "Mpigie mama yako mkubwa simu. Mwambie aje leo, asingoje mwisho wa mwezi."

"Haraka ya nini, mama? Mbona unaendelea vizuri."

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Baba yako ameshaniambia."