Jirani Aliyepokea Barua

Wewe ukitoka nyumbani, mgeni wako anapokelewa na nani? Mama Ndaya wa Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo, hakuwa na shaka na jambo hilo. Wageni wake walipokelewa na Tata Kalumba, mzee aliyefiwa na mke, mwenye duka la fotokopi upande wa pili wa ukuta. Tata Kalumba alikuwa akitoa kiti, maji, na habari za mwenye nyumba bila kuombwa.

Barua pepe ndizo zilizokosa wa kuzipokea.

Mama Ndaya alikuwa anashona salopeti, zile nguo za kazi za bluu zenye mikanda inayong'aa, na wateja wake walikuwa kampuni za migodi. Watu hao hawaji dukani, wanaandika. Barua zao zilifikia serva yake, kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na mpwa wake Gael ndiye aliyeitunza. Umeme ukikatika, kompyuta inalala na barua inamrudia aliyeituma. Na Kolwezi, barua ikirudi, mtu hasemi umeme umekatika. Anasema hao wamefunga, wamehama. Hivyo oda moja nzuri iliishia kwa fundi wa mji wa Likasi.

Sasa walikuwa wanangoja oda ya salopeti mia tatu kutoka mgodi mmoja wa eneo la Mashamba. Bila hiyo, mafundi wake wangerudi makwao.

"Tununue serva ya pili," Gael alisema.

"Tutalipa na nini? Na vifungo?"

"Basi tuombe Tata Kalumba. Eko na paneli za jua. Natengeneza mulango wa pili ku mashini yake. Ya kwetu ikizimika, barua zinaenda kwake, tunazisoma kule, tunajibu kule."

Tata Kalumba alikubali kabla Gael hajamaliza kueleza. Akaifuta kompyuta yake kwa leso, akaisogeza karibu na dirisha ipate hewa.

Alhamisi asubuhi umeme ukakatika. Mama Ndaya alimalizia mfuko aliokuwa anashona, akafunga kitenge vizuri, akavuka na Gael bila haraka. Tata Kalumba alikuwa mbele ya mashini, anatabasamu.

"Mama, mugeni wako amefika. Nimemupokea muzuri."

"Umemupokea namna gani?"

"Nimemujibu. Mutu hawezi kupiga hodi, anakosa hata sauti ya kumujibu."

Mgeni alikuwa Myriam, mnunuzi wa ule mgodi. Aliuliza kama salopeti zingekuwa tayari mwisho wa mwezi. Chini yake Tata Kalumba alikuwa ameandika: "Mama Ndaya hayuko. Kwake kumefungwa. Mimi ni jirani. Karibu, subiri kidogo."

Gael alishika kichwa. "Tata, umeandika sawa vile tumekimbia."

"Mugeni anaambiwa kweli," mzee alisema, lakini tabasamu lilikuwa limemtoka.

Mama Ndaya alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Akavuta kiti, akaandika polepole kwa vidole viwili: "Mama Myriam, niko. Umeme ndio haupo. Aliyekujibu ni jirani, amekukaribisha kama anavyokaribisha watu mlangoni kwangu. Mwisho wa mwezi salopeti zitakuwa tayari."

Wakangoja. Tata Kalumba alileta karanga kwenye sahani, hakuna aliyezigusa. Mwishowe jibu likaingia, na Gael akalisoma kwa sauti:

"Nilikuwa natafuta namba ya fundi mwingine. Kisha nikajiuliza, anayekimbia anaacha mtu wa kukaribisha wageni? Shoneni zote mia tatu. Na umwambie jirani asante, nimesubiri."

Gael akatoka mbio kuwaambia mafundi. Mama Ndaya alibaki, akachukua karanga moja.

"Tata Kalumba, mashini ni yako, jua ni lako. Unataka nini? Nikushonee suruali?"

"Suruali niko nazo."

"Shati?"

"Mama, wacha."

"Siwezi kuwacha. Sema."

Mzee alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Batu banaingia hapa siku yote," alisema, "kila mutu ananiuliza bei ya kopi. Mi nilikuwa nataka siku moja wewe uniulize kama nimekula."