Cheti cha Muhiba

Hapana, si kipande, mjukuu wangu. Cheti. Kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, Zahoro alikuwa nacho mfukoni. Nani miaka ile ya hali ya hatari angetoka mtaani Shauri Moyo bila kipande? Alipotea kwenye cheti.

Mkewe, Muhiba, alikuwa amekatwa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Daktari akasema kile kilichokatwa ndicho kilichokuwa kinaupa mwili nguvu na joto, sasa vidonge ndio badala yake, kila siku, maisha yote. Muhiba akameza, akapata nafuu, akaona vidonge vya nini tena? Chupa ikaisha, hakusema. Miezi ikapita. Uso ukavimba, sauti ikawa nzito kama ya mwanamume, na jua lote lile la mchana yeye anajifunika mablanketi mawili. Asubuhi hiyo Zahoro alimwamsha mara tatu. Mara ya tatu Muhiba akafungua macho, akamtazama kama mgeni, akalala tena.

Zahoro akachukua ile chupa tupu, mbio mpaka mjini, duka la dawa. Mwuzaji akasoma chupa, akaonyesha rafuni kwa kidole.

"Ipo."

"Nipe basi, bwana!"

"Ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Cheti chake?"

Sasa wewe ungefikiri nini? Hata nyumba ya kanjo, ya baraza la mji, alipewa baada ya kuonyesha cheti cha ndoa, wajue mwanamke ni wake kweli. Hakubishana. Akarudi kwa miguu, akapekua sanduku la Muhiba, kanga zinaruka huku na huku, Muhiba hata hageuki. Akakipata, akakitia ndani ya shati, mbio tena.

Mwuzaji akakikunjua. "Mzee, hiki ni cha kadhi."

"Ndiyo. Mke wangu halali."

"Sikatai! Nataka cheti cha daktari. Hii dawa haiuzwi hivi hivi. Ukizidisha, moyo unakimbia mpaka unasimama."

"Na akiikosa?"

Mwuzaji akakikunja kile cheti taratibu, akamrudishia.

Zahoro akapita soko la Gikomba analia wazi wazi, watu wanampisha. Mlangoni akamkuta jirani yake Opiyo, fundi wa reli.

"Umeoa tena, Zahoro? Cheti mkononi mchana kweupe!" Kisha Opiyo akaona macho yake, akauliza kuna nini.

Hakungoja hadithi iishe. Alikwenda akarudi na mkokoteni wa kubebea viazi. Wakamlaza Muhiba na mablanketi yake, Opiyo anavuta, Zahoro anasukuma, na Adoyo, mke wa Opiyo, anatembea kando amemshika kichwa.

"Muhiba, usilale! Sufuria yangu utarudisha lini? Muhiba! Nakudai sufuria!"

Muhiba hafungui macho. Zahoro akazidi kusukuma, hata hakuona kiatu kimoja kimebaki njiani.

Hospitalini, karani akazuia mlango. "Aingie mmoja. Nani wake?"

Zahoro akatoa cheti cha kadhi. Karani akasoma mpaka mhuri, akasogea.

Daktari akamwona, akauliza vidonge viliachwa lini, akatikisa kichwa. "Mngengoja kesho, msingemkuta." Wakamlaza. Wakaanza kumpa dawa kidogo kidogo, siku baada ya siku, Zahoro nje kwenye benchi, hali chakula, haendi nyumbani.

Siku ya kumtoa, daktari akaandika cheti. Zahoro akapitia dukani, akakiweka mezani.

"Hiki?"

"Hiki," mwuzaji akasema, na chupa ikashuka.

Nyumbani Adoyo alikuwa ameshatandika mkeka, ugali na samaki tayari. Lakini kila mtu alisimama, anamtazama Muhiba ameegemea mlango.

Muhiba akatazama sahani, akamtazama Adoyo. Sauti ilikuwa bado nzito, inatoka polepole.

"Sufuria yako iko chini ya kitanda," akasema. "Kelele zote zile barabarani, umenitia aibu."

Adoyo akapiga ukemi wa furaha, Opiyo akacheka mpaka akashika ukuta. Zahoro akampa mkewe kidonge na maji, akangoja ameze. Ndipo wote wakakaa, wakanawa, wakala.