Maneno ya Stumai Kinywani mwa Mwenyekiti

Mkutano mkuu wa kijiji cha Nyarusozi uliitishwa saa tatu asubuhi, ukaanza saa tano, kwa sababu wingu lilikuwa limetanda upande wa Burundi na watu walikuwa bado wanaanua muhogo. Viongozi walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya ofisi. Wengine walikaa kwenye majani, wanawake upande wa kivuli, wanaume karibu na baiskeli na pikipiki zao. Ajenda zilikuwa nne, na ya nne ilikuwa mengineyo.

Yalipofika mengineyo, Stumai alisimama. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti pekee wa mjane aitwaye Esteri. Wiki mbili nyuma alikuwa amerudi kutoka Kasulu mjini, ambako yeye na vijana wanne wa kijiji walifundishwa uongozi kwa siku tano. Mwalimu wao, Lusajo, mtu wa Mbeya, aliwafundisha kukanyaga chini kwa miguu yote miwili, kuwatazama watu usoni, na kutoa sauti tumboni badala ya kooni. Stumai alikanyaga, akatazama, akafungua kinywa.

"Ndugu mwenyekiti, naomba kuuliza swali," akasema Kipriani, mwenyekiti wa kijiji.

Ilikuwa sauti ya Kipriani mwenyewe, nzito, yenye mkwaruzo wa tumbaku. Aligeuka kushoto na kulia kama mtu aliyeguswa begani. Watu wakangoja kuona kama atajiruhusu. Baada ya kufikiri kidogo, alijiruhusu.

Midomo ya Stumai iliendelea kucheza na maneno yakaendelea kutoka kwa mwenyekiti. Ni lini kalavati la njia ya kwenda Heru Juu litajengwa, maana lilisombwa na maji tangu masika ya mwaka juzi? Kipriani alijijibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Akajiuliza linashughulikiwa na nani. Hapo akafunga mkutano. Mtendaji wa kijiji, Winifrida, mwajiriwa aliyehamishiwa pale miezi michache iliyopita kutoka Moshi, aliandika kwenye muhtasari kwamba mwenyekiti aliuliza maswali mawili na kujibu moja.

Hakuna aliyeshangaa, ila kila mtu alianza kushuku. Wapo walioshuku mafunzo: mtu hawezi kukulisha wali na nyama siku tano, akakupa na kalamu, halafu asibaki na kitu chako. Wazazi wa wale vijana wanne wakawachungulia ndimi na meno, wakawakataza kusimama mkutanoni. Wengine walimshuku Kipriani, kwamba ameanza kuvuna sauti za vijana kabla hazijakomaa. Esteri alimuuliza binti yake kule Kasulu alikaa karibu na nani, na maji ya kunywa yalitoka wapi. Stumai akamweleza yote. Nyumbani sauti yake ilitoka mahali pake, na sokoni pia alipouza maharage. Ilihama mkutanoni tu.

Wiki hiyo hiyo Kipriani alimwita ofisini. Alimpa kiti, akafunga dirisha, akamuuliza habari za shamba. Kisha akamwambia aseme neno lolote. Stumai akasema hajui aseme nini, na maneno hayo yakatoka kinywani mwake mwenyewe. Kipriani akashusha pumzi.

"Nani amekutuma, mwanangu?"

"Sijatumwa na mtu, baba."

"Hakuna asiyetumwa," Kipriani alisema kwa upole. "Yupo tu asiyemjua aliyemtuma."

Akamkumbusha kwamba mkutano ujao utaangukia wakati wa palizi, na kwamba mama yake ni mjane.

Kipriani alikuwa na sababu ya kumkumbusha hivyo. Miaka mitatu nyuma, kijiji kilitenga ekari tatu za bonde kwa kikundi cha vijana, walime mboga. Walilima msimu mmoja. Msimu wa pili walikuta uzio, miche ya michikichi imepandwa kwa mstari, na mlinzi aliyewaambia kwamba bonde ni la mwenyekiti. Ofisini wakaonyeshwa muhtasari unaosema kijiji kizima kilikubali. Hakuna aliyekumbuka kukubali. Na hakuna aliyesema kwamba hakumbuki, kwa kuwa kila mmoja alishuku kwamba jirani yake ndiye aliyekubali.

Aliyeona njia ni Abbasi, mwendesha bodaboda, mmoja wa wale wanne waliokatazwa kusimama. Alimkuta Stumai njiani akitoka kuteka maji, akazima pikipiki. Alimwambia kwamba kama kinywa cha Kipriani kinamtii, basi kifanye kazi.

Stumai alilifikiria jambo hilo siku nyingi. Kusema kwa mdomo wa mtu mwingine kulimkirihi, kama kuvaa shati la mtu likiwa bado na jasho lake. Lakini mdomo wake ulikuwa hausikiki, na bonde lilikuwa linazidi kufunikwa na michikichi.

Siku ya mkutano Kipriani alikuja amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Alisema jino linamsumbua. Stumai hakungoja mengineyo. Kwenye daftari alikuwa ameandika, "Mwenyekiti amechukua bonde la vijana." Akiwa ananyanyuka akaona kwamba maneno hayo yakitoka kwa Kipriani, watu watadhani anamsema mwenyekiti aliyepita, ambaye ni marehemu. Akabadilisha.

"Bonde la vijana nimelichukua mimi," alisema Kipriani ndani ya kitambaa. "Mimi Kipriani. Ninyi hamkukubali. Muhtasari ule ulitungwa ofisini."

Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Maneno yaliyobaki yakapita katikati ya vidole: ukubwa wa bonde, idadi ya miche, jina la mlinzi.

Winifrida aliacha kuandika, akamtazama mwenyekiti, kisha akamtazama Stumai, kisha akaendelea kuandika. Ndipo Haidari, mwenye duka, akasimama. Alisema amefanya biashara miaka thelathini, kuanzia Kibondo mpaka hapa, na viongozi amewaona, ila hajapata kumwona kiongozi anayejishtaki mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Haidari akapendekeza kwamba bonde libaki kwa mtu mkweli namna hii, maana kuwapa watu ambao ukweli wao haujapimwa ni hatari.

Stumai alisimama tena. Safari hii hakukumbuka kukanyaga, na sauti aliitoa kooni.

"Msiniachie," alisema Kipriani. "Ninyang'anyeni."

Watu waliguswa sana na unyenyekevu huo. Mzee mmoja alijifuta macho. Mikono ikanyooshwa, Winifrida akahesabu mia mbili na kumi na miwili ya kukubali pendekezo la Haidari na mitano ya kukataa. Mkono wa Esteri ulikuwa miongoni mwa iliyokubali, umenyooka vizuri, na macho yake yalikuwa kwenye majani.

Alasiri mama na binti walikaa uani wakimenya muhogo. Walimaliza nusu ya kikapu.

"Nilinyoosha kwa sababu alisema vizuri," alisema Esteri.

"Nilikuwa nasema mimi, mama."

"Najua. Sauti yako naijua popote ilipo." Esteri alitupa ganda. "Lakini majina ya mbolea ya ruzuku anaandika yeye."

Stumai alichukua muhogo mwingine. Alishuku kwamba hata yeye, angekuwa na shamba lake na mtoto wa kulisha, mkono ungenyooka.

Kuanzia hapo Kipriani hakuja tena na kitambaa. Kila siku ya mkutano alimtuma Abbasi amfuate Stumai kwa pikipiki, na alimwekea kiti nyuma ya viongozi. Stumai alisema juu ya dawa zinazokosekana zahanati, juu ya darasa lisilo na madawati, juu ya bonde. Kipriani akayasema yote kwa sauti nzito, watu wakampigia makofi, Winifrida akaandika. Kalavati halikujengwa. Michikichi ilifika kiunoni. Vijiji vya jirani vilianza kulalamika kwamba wenyeviti wao hawasemi ukweli kama wa Nyarusozi.

Mwezi wa nane wakaja wageni kutoka wilayani, na ajenda ya kwanza ilikuwa ushirikishwaji wa vijana. Kipriani alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alisema kwamba katika kijiji chake vijana wanasikilizwa, wanaongoza, na hakuna uamuzi unaopita bila sauti yao.

Watu wakageuka wote kuitazama midomo ya Stumai. Ilikuwa imefungwa, na ilikuwa imefungwa tangu asubuhi.

Wakaitazama kwa muda. Kisha Haidari akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata.