Vidonge Kwenye Sanduku la Nyundo

Wivu wa Kioo ulianzia kwenye tumbo la mke wa mtu. Msije mkamfikiria vibaya. Tumbo lenyewe hakuligusa wala kulitamani. Alitamani tu lingekuwa nyumbani kwake.

Kioo alikuwa fundi wa kupaka rangi magari. Jina hilo alipewa kwa sababu gari likitoka mikononi mwake, unaweza kusimama mbele ya mlango wake ukanyoa ndevu bila kujikata. Mwenzake, Nyundo, alikuwa fundi wa bodi. Nyundo ananyoosha bati lililobonyea, Kioo anapaka. Walifungua gereji pamoja, wakaoa mwaka mmoja, wakapanga nyumba zinazotazamana milango, ng'ambo ya barabara kutoka gereji. Mmoja akinunua redio, mwenzake naye hachelewi. Walikwenda hivyo, bega kwa bega, mpaka tumbo la mke wa Nyundo lilipoanza kufika mlangoni kabla ya mwenyewe.

Hapo gereji nzima ikasahau jina la Nyundo. Akawa Baba Kijacho.

"Baba Kijacho, nirushie spana!"

"Baba Kijacho, gonga taratibu, utamwamsha mtoto!"

Hata wateja waliokuja kutengenezewa taa iliyovunjika wakaondoka na jina hilo mdomoni. Kioo peke yake aligoma. Kila akitaka kulitamka, lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe alivuka kwenda kwa jirani kila jioni, akirudi uso umemchanua.

"Leo kanipiga teke kwenye kiganja!"

"Nani?"

"Mtoto, nani mwingine?"

"Basi hamia huko, akupige ushibe."

Kicheko cha mke kikafa palepale. Akaenda kukuna nazi kama mtu anayekuna kichwa cha adui.

Sasa, sababu ya wao kukosa mtoto ilikuwa inajulikana. Daktari aliwapima wote wawili. Mke hana kasoro. Mbegu za Kioo ndizo zilikuwa haba, na hizo haba zenyewe zilikuwa zinatembea kama watu wanaokwenda kazini Jumatatu.

"Mwilini kuna kitu kinachofanya kazi kama kutu," daktari alimweleza, akijua anaongea na mtu wa magari. "Moshi wa sigara na mvuke wa thina ya kuchanganyia rangi unaouvuta kazini huikoleza. Acha sigara. Vaa barakoa unapopiga rangi. Baadaye tutapima tena."

"Vidonge je?"

"Vipo vya kupambana na hiyo kutu, vitamini na madini. Kuna wanaosema vimewasaidia, na wengine hawakuona tofauti yoyote. Siwezi kukuahidi. Ila sigara na thina hazina mjadala."

Kioo alitoka pale akawasha sigara ili ayatafakari vizuri maneno ya daktari. Vidonge aliona haya kuvinunua, maana muuza duka la dawa ana mdomo usio na mlango. Akamwapisha mkewe asimwambie mtu. Mke akaapa.

Basi asubuhi moja, akitafuta bisibisi, Kioo akafunua sanduku la vifaa la Nyundo. Chini ya koleo kulikuwa na chupa ya plastiki. Juu yake picha ya mwanaume ananyanyua mtoto mchanga huku meno yote nje, na maandishi: kwa uzazi bora wa mwanaume.

Kioo akayasoma mara mbili. Kumbe! Kumbe Nyundo ana fundi wake! Tumekula sahani moja, tumekopeshana mpaka soksi, halafu dawa ananificha!

Akafungua, akatia kimoja mdomoni, akakisindikiza kwa chai, na chai akaisindikiza kwa sigara.

Kesho yake alichukua viwili. "Kama kimoja kimempa mtoto," alijiambia, "viwili vitanipa mapacha. Tuone nani ataitwa baba kwa sauti kubwa." Ikawa desturi. Nyundo akienda kuteka maji, Kioo yuko sandukuni. Ajabu ni kwamba chupa haikuwahi kwisha. Kioo hakujisumbua kuuliza. Mwizi wa kisima haulizi nani anajaza maji.

Katikati ya hayo ikaja teksi moja nyeupe. Mlango wa nyuma ulikuwa umeanza kutafunwa na kutu chini. Siku hiyo Nyundo alikuwa anampeleka mkewe kliniki.

"Ndugu yangu, nikwangulie huu mlango kwa msasa mpaka bati litoe macho, ndipo upake," aliomba, akakimbia.

Kioo alimtazama akivuka barabara, ameshika mkoba wa mkewe kama ameshika taji. Moyo ukamuuma. Akatupa msasa pembeni, akachukua bunduki ya rangi, akapaka juu ya kutu vilevile. Mlango ukang'aa.

Baada ya muda akaenda kupimwa tena. Alikwenda kifua mbele, akarudi mabega yamelala. Mbegu zilikuwa zilezile, na mwendo uleule wa Jumatatu. Alipofika gereji akakuta teksi nyeupe imemtangulia. Mlango wa nyuma umevimba malengelenge, rangi inabanduka, kutu imechungulia nje inacheka.

Dereva alisema aliyoyasema, akaacha gari, akaondoka. Nyundo akapitisha kidole kwenye yale malengelenge.

"Nilikuomba ukwangue tu."

"Usinifundishe kutu!" Kioo alilipuka. "Wewe uliyenificha dawa ya kutu, ukameza peke yako, ukapata mtoto peke yako! Mimi nimemeza chupa kwa chupa na sijapata kitu!"

Mafundi wote wakageuza shingo. Kioo akasikia maneno yake yakirudi, akatamani kuingia chini ya teksi.

Nyundo hakukasirika. Alimvuta nyuma ya kompresa ya upepo, mbali na masikio ya watu.

"Kabla ya vidonge hivyo, umewahi kuliona sanduku langu bila kufuli?"

Kioo akafikiri. Nyundo ni mtu wa kufungia hata kipande cha kamba.

"Sijawahi kumeza hata kimoja," Nyundo alisema. "Nilivinunua kwa ajili yako. Ningekupa mkononi ungenipasua kichwa. Nikaacha sanduku wazi. Vikipungua, naongeza."

"Nani alikuambia?"

"Shemeji alikuja kulia kwa mke wangu. Ukimgombeza, tutagombana mimi na wewe." Akaitazama sigara iliyokuwa sikioni mwa Kioo. "Nilidhani ukianza kumeza utaiacha na hiyo. Kumbe unameza huku unavuta. Umefanya mwilini kama ulivyofanya mlangoni."

Mtu mwingine angelia, angemkumbatia mwenzake. Kioo alisimama pale roho ikimuuma upya. Mtoto kamzidi, sawa. Sasa hata wema kamzidi! Mtu ataachiwa nini kwenye dunia hii?

Akaichomoa ile sigara sikioni. Akaiangalia kwa huzuni ya mjane, akaivunja, akaitumbukiza kwenye kopo la thina.

"Naacha," alisema. "Siyo kwa ajili yako. Usije ukavimba kichwa."

"Hata kidogo."

Akaitafuta barakoa iliyokuwa imening'inia msumarini tangu inunuliwe, akaipuliza vumbi na buibui wake, akaivaa. Akapiga magoti mbele ya ule mlango. Akaanza kuikwangua ile rangi yake nzuri, lengelenge moja baada ya jingine, mpaka vumbi jekundu likamjaa mikononi.

Ng'ambo ya barabara mkewe na mke wa Nyundo walikuwa wanaanika nepi mpya, wanacheka. Mwiba ulikuwa bado upo kooni. Kioo akameza mate, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Lete msasa mwingine, Baba Kijacho."

Nyundo akageuka kumletea, kisha akarudi na kuinama kidogo.

"Umeniitaje?"

"Barakoa hii inapotosha maneno," Kioo alisema. "Lete msasa."