Kikohozi cha Baba Nyakio

Jumanne saa moja na nusu asubuhi, wanaume wanne waliisukuma kombi ya Johnstone mpaka kwa Bethwel, fundi wa magari pale Huruma. Ilikuwa kombi kuukuu ya kijani, injini nyuma, pazia madirishani. Johnstone, mtu wa kazi za mheshimiwa mbunge, aliwafuata polepole akila ndizi.

"Haishiki," akasema. "Fundi, ni leo leo."

Bethwel hakukimbilia spana. Aliwasha taa kwanza. Ziling'aa, kwa hivyo betri ilikuwa sawa. Stata ilizunguka. Akatoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, ikaruka cheche ya buluu. Akasugua pointi kwa msasa. Akachomoa paipu ya kabureta, petroli ikamwagikia mkononi. Kila kitu kizima. Lakini ukizungusha ufunguo, injini ilikohoa mara mbili fupi, ikanyamaza, ikakohoa mara moja ndefu, halafu ikasafisha koo.

"Hii si ugonjwa ya gari," Bethwel akasema. "Kuna mtu ndani. Ni Mwalimu Githinji. Hiyo ni kikohozi yake ya chaki."

Hakuna aliyeshtuka. Githinji alikuwa amesomesha watoto wengi wa Huruma. Siku ya kura ya kupanga mistari, kila mtu nyuma ya mgombea wake, aliuliza kwa sauti mstari mfupi wa mheshimiwa umeshindaje ule mrefu, na kesho yake akapandishwa kombi hiyo hiyo. Hakuonekana tena. Miezi minane mkewe, Nyaguthii, aliyebaki na binti yao Nyakio, alikuwa akibisha kila mlango na swali moja: yuko wapi? Hata kama ni kaburi, aonyeshwe.

Nyaguthii aliuza chai na mandazi hapo kwa fundi. Aliposikia kikohozi aliweka birika chini, akaenda nyuma ya kombi, akalaza kiganja juu ya injini, vile alivyozoea kumwamsha mumewe siku za shule.

"Amka, Baba Nyakio," akasema. "Twende, umechelewa."

Injini ikawaka mara moja.

Hapo ndipo alipokosea. Mtu wako mpende, lakini usimpende mbele ya akina Johnstone.

Johnstone alitupa ganda la ndizi. "Fundi, shida ilikuwa hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Basi imepona. Mama, kesho saa kumi na mbili uwe tayari."

Tangu siku hiyo honi ililia mlangoni kwake kila alfajiri. Aliiamsha kombi, akapanda mbele, wakashika barabara ya msitu wa Kaptagat. Siku nyingine kulikuwa na watu nyuma, mikono imefungwa. Wakati wa kurudi hawakuwako. Nyaguthii hakugeuza shingo. Alikuwa amempata mumewe, hakutaka kumwacha aende peke yake.

Wiki ya pili aligundua kwamba kombi ilizimika mahali pamoja tu, ndani ya msitu, kando ya saiprasi moja iliyopinda. Hapakuwa na mlima wala matope. Johnstone akamleta Bethwel apaangalie. Bethwel hakufungua injini. Alipiga magoti chini ya mti, akaweka sikio kwenye udongo.

"Mama Nyakio, gari iko sawa," akasema. "Ni yeye hataki kupapita. Amelala hapa."

"Asante, fundi," Nyaguthii akasema. Swali lake lilikuwa limejibiwa.

"Haya, mama, mwamshe," Johnstone akasema. "Tumechelewa."

Akamwamsha. Na kila asubuhi baada ya hapo akamtoa mumewe kaburini kwa mkono wake mwenyewe, ili gari ipite.

Mwezi wa kumi na moja tangu Githinji achukuliwe, waliingiza nyuma Mzee Zachariah, jirani yake, yule aliyezunguka naye ofisi hadi ofisi akimuulizia Githinji. Walipofika kwenye saiprasi kombi ikakohoa, ikazimika.

"Mama Nyakio," Zachariah akanong'ona, "usimwamshe. Lori za mbao zinashuka hapa saa moja. Watu wakiniona, hawa hawataniguza. Wewe nyamaza tu kidogo."

Nyaguthii akabaki kitini. Baridi ilikuwa kali. Huko juu msituni lori likaanza kusikika, likibadilisha gia.

Johnstone hakukasirika. Alifuta kioo kwa mkono wa koti. "Nyakio siku hizi ako darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Shule anaenda na njia ya soko, ama ile ya mtoni?"

Nyaguthii alishuka. Akaenda nyuma, akaweka kiganja juu ya injini. "Amka, Baba Nyakio. Twende."

Injini ilikohoa, ikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia. Lori lilikuwa limekaribia kona.

Akainama mpaka midomo ikagusa bati. "Ni Nyakio," akasema.

Ikawaka.

Wakamlaza Mzee Zachariah sakafuni, wakafunga pazia. Walipishana na lori hapo konani. Dereva wake aliwapigia honi ya salamu, na Johnstone akampungia mkono.

Kesho yake, kabla ya saa kumi na mbili, Nyaguthii alikuwa amesimama mlangoni, sweta imefungwa vifungo vyote, na honi haijalia.