Keki ya Harusi ya Ndwiga

Siku ya Wanjira kupokea komunyo ya kwanza kanisani ilikuwa imekaribia, na jambo moja lilimshinda kuelewa. Baba yake, Mwalimu Ndwiga, ndiye aliyeongoza sala ya rozari jumuiya ya waumini ilipokutana nyumbani kwao, mtaa wa Majimbo. Lakini kanisani, wengine wakienda kupokea komunyo, yeye na mama walibaki kwenye benchi.

"Baba, mlifanya dhambi gani?" aliuliza wakichambua maharagwe.

Mama alicheka. "Mjibu mwanao, Mwalimu."

"Nililipa mahari kwa kina mama yako, kule Manyatta," Ndwiga alisema. "Kanisani hatukufunga ndoa. Bila hiyo hatupokei."

"Padre alikataa?"

"Hapana. Tulikuwa tunangoja tuweze kufanya harusi kubwa. Hema, magari, keki."

"Padre anadai keki?"

"Hadai."

"Basi nani anaidai?"

Mama aliacha kucheka.

"Mimi sitaki kwenda mbele peke yangu," Wanjira alisema.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wote watatu walimngoja padre nje ya ofisi ya parokia. Alipowasikiliza, aliuliza wangependa ndoa ifungwe lini.

"Kabla ya huyu kupokea," Mama alisema. "Lakini keki hatuna."